SADAKA YA MJANE WA ANWU

Alfajiri ya tarehe 15 Agosti, 1900, bibi mmoja mwenye umri wa miaka 64 alitoka katika Kasri ya Beijing akiwa amevaa nguo za kaniki, na nywele zake zimefungwa kama wafungavyo wanawake wa shamba. Bibi huyo alikuwa Cixi, Malkia Mama, aliyeitawala China kwa karibu miaka arobaini akiwa ameketi nyuma ya pazia, huku wafalme watoto wakikalishwa mbele yake kama sanamu. Siku moja kabla yake, majeshi ya mataifa manane ya kigeni yalikuwa yameingia mjini. Malkia Mama akakimbilia magharibi pamoja na Mfalme Guangxu, na siku za mwanzo za safari ile yeye aliyezoea kuandaliwa sahani mia alishukuru kwa bakuli la uji na mayai machache. Tarehe 26 Oktoba aliwasili Xi'an, mji mkuu wa jimbo la Shaanxi, na hapo akakaa karibu mwaka mzima.

Kaskazini ya Xi'an, ng'ambo ya mto Wei, iko wilaya iitwayo Jingyang, na katika wilaya hiyo kiko kijiji cha Anwu kilichozungushiwa ukuta kama ngome. Humo alikaa mjane wa ukoo wa Wu, jina lake Zhou Ying, aliyekuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa jimbo lile. Wenyeji husimulia kwamba mjane huyo alimpelekea Malkia Mama wakia 100,000 za fedha. Wakia ya Kichina ilikuwa na uzito wa kama gramu 37; basi hesabu hiyo ni karibu kilo 3,700 za fedha tupu. Naye Malkia Mama, kwa shukrani, akampa mjane cheo cha bibi wa daraja la kwanza. Cheo hakikumgharimu kitu aliyekitoa.

Hatuleti habari hii kwa kuwa twapenda visa vya malkia. Twaileta kwa sababu mwaka 2017 maisha ya Zhou Ying yalifanywa mchezo wa televisheni wa sehemu 74 huko China, na mwigizaji mashuhuri Sun Li ndiye aliyechukua nafasi yake. Katika mchezo huo Zhou Ying ni binti wa njiani, ale leo kesho asijue, aliyeuzwa na baba yake mlezi akawa mtumishi katika nyumba ya matajiri. Anaolewa, anafiwa, anasingiziwa, anainuka, na kijana wa ukoo uliomnunua anampenda kwa mapenzi ya kukesha. Waovu ni wakubwa wa serikali na wanamfalme. Mwema ni mfanyabiashara mmoja mwenye moyo safi, agawaye riziki kwa mikono miwili. Mchezo ni mtamu, hatukatai. Walakini mtu akiisha kuutazama huondoka na fundisho moja bila ya kuambiwa: kwamba dola ikioza, tajiri mwema atosha kuwaokoa watu. Hilo ndilo tulitakalo kulipima.

Kwanza na tuweke sawa jambo la asili yake. Zhou Ying halisi hakuokotwa njiani. Alizaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara wa wilaya ya Sanyuan, jirani na Jingyang, ukoo ambao mali yake ilikuwa imevunjwa na vita vilivyoanza katika jimbo la Shaanxi mwaka 1862. Aliolewa katika nyumba ya Wu akiwa kijana, na mume wake hakuishi muda mrefu. Hivyo hakupanda kutoka shimoni hadi mlimani; alitoka katika nyumba moja ya wenye mali iliyoungua, akaingia katika nyingine iliyokuwa ingali inasimama. Twaelewa kwa nini watungaji wa mchezo walimfanya maskini. Mtazamaji mfanyakazi hupenda kuona mtu wa tabaka lake ameketi juu ya kiti cha bwana, na anapoona hivyo husahau kuuliza kiti chenyewe kimetengenezwa na nani.

Na kiti kile kilitengenezwa kwa chumvi na chai. Chumvi katika China ya wafalme wa Qing haikuuzwa na kila atakaye. Serikali iliishika kwa ukiritimba. Mfanyabiashara alinunua hati, na pasipo hati, mwenye kubeba chumvi alikuwa mhalifu. Mji wa Yangzhou, mashariki ya mbali, ndio uliokuwa kitovu cha biashara hiyo, na matajiri wa Shaanxi walikuwa na maduka yao huko tangu zamani, nyumba ya Wu ikiwa mojawapo. Kila hati ilipita mikononi mwa makarani, na kila karani alikuwa na mkono. Tena, serikali ilipoingia vitani, au mto ulipobomoa kingo zake, au mfalme alipotaka kusafiri kwa fahari, wafanyabiashara wa chumvi waliitwa watoe "mchango wa hiari". Aliyetoa alibaki na hati yake. Mfanyabiashara naye alirudisha mchango wake katika bei, na mlaji wa mwisho, mkulima aliyetia chumvi kidogo katika mboga zake, ndiye aliyelipa yote pasipo kujua kwamba amechangia safari ya mfalme.

Chai ilikuwa na njia yake. Majani yalitoka jimbo la Hunan, upande wa kusini, yakaletwa mpaka Jingyang, na hapo yakashindiliwa mpaka yakawa magumu kama matofali, kisha yakapakiwa juu ya ngamia kwenda Gansu na Xinjiang kwa wafugaji ambao hawawezi kula nyama na maziwa pasipo chai. Ilikuwa kazi nzito yenye joto na vumbi. Sisi hatujapata kuona mchezo wa televisheni, wa sehemu 74 au hata wa sehemu moja, juu ya mtu aliyeshindilia chai ya Jingyang.

Hapana budi tuseme kwa haki kwamba kuisimamia biashara kama hiyo, yenye maduka katika majimbo mengi na wasimamizi wanaokaa mwendo wa wiki nyingi kutoka nyumbani, halikuwa jambo dogo kwa mwanamke ambaye kwa desturi za wakati wake hakutazamiwa kuvuka kizingiti. Zhou Ying aliisimamia. Mali iliyokuwa imelegea ikashikamana tena. Hili twalisema waziwazi, maana wako wenzetu ambao wakisikia neno tajiri huziba masikio yao hata wasisikie neno mwanamke.

Sasa tuingie katika habari ya mapenzi. Katika mchezo, mjane anapendwa na kupenda, na machozi yanamwagika usiku kucha. Lakini sheria ya Qing ilisemaje? Ilisema kwamba mjane anayeolewa tena huacha mali yote ya marehemu mumewe, na hata vitu alivyokuja navyo kutoka kwa wazazi wake hubaki mikononi mwa ukoo wa mume wa kwanza. Asiyeolewa tena, akajitunza, huruhusiwa kushika fungu la mumewe. Na kama hakupata mtoto wa kiume, wakuu wa ukoo huchagua mtoto miongoni mwa watoto wa jamaa awe mrithi. Mjane akithibitika kuwa na mpenzi, ukoo waweza kumfukuza, na fungu linarudi kwao. Basi mtu asishangae kwamba mashemeji wa wajane wenye mali walikuwa walinzi hodari wa maadili!

Serikali nayo iliitia nguvu desturi hiyo kwa tuzo. Mwanamke aliyefiwa kabla ya miaka thelathini, akakaa peke yake mpaka amepita hamsini, jina lake liliweza kupelekwa juu, na serikali ikatoa wakia 30 za fedha kujenga lango la ukumbusho la mawe. Malango hayo yalisimama kando ya barabara katika kila jimbo. Msafiri alipita chini yake akasoma jina, kwa kawaida jina la ukoo tu, la mwanamke ambaye sifa yake ilikuwa kwamba hakupendwa tena. Twafikiri mara nyingi juu ya ile hesabu ya wakia 30. Fungu la mjane mmoja wa nyumba ya Wu lingeweza kujenga malango hayo kwa maelfu.

Kwa hiyo, awe alimpenda mtu au hakumpenda, Zhou Ying alikuwa bwana wa maduka yake kwa sharti moja tu, kwamba aendelee kuwa mke wa maiti. Siku ambayo angesema "nampenda fulani", makarani wake wa Yangzhou wangekuwa makarani wa mtu mwingine. Alichukua mtoto wa kulea kutoka katika ukoo, kama ilivyompasa, akabaki mjane. Kuna chozi humo kubwa kuliko yote yaliyomwagika katika mchezo, lakini haliwezi kupigwa picha kwa sababu ni maisha ya kila siku, asubuhi kwa asubuhi, mbele ya daftari la hesabu.

Na turudi Xi'an, kwa Malkia Mama. Mvua ilikuwa imekosekana katika Shaanxi. Kwa mkulima wa huko neno ukame lilikuwa na sura ya jamaa waliokufa, maana wazee walikuwa wanaikumbuka njaa kubwa ya miaka ya 1877 na 1878, iliyoua mamilioni ya watu katika majimbo ya kaskazini. Sasa njaa ilikuwa imerudi, na katikati ya njaa hiyo akashuka mfalme na watumishi wake wote, matowashi, walinzi, mawaziri, na watumishi wa mawaziri. Amri zikatoka majimboni yote kwamba ushuru wa fedha na nafaka uletwe Xi'an. Nao ukaja. Magari yaliyosheheni yakapita katika mashamba makavu. Wakubwa waliojua kusoma nyakati wakaharakisha kuleta zawadi. Ofisa mmoja, Cen Chunxuan, aliyekuwa mweka hazina wa jimbo la Gansu, kwa kuwa aliwahi kumfikia Malkia Mama njiani na askari wake, akazawadiwa ugavana wa Shaanxi.

Hapo ndipo sadaka mbili za mjane zilipokutana. Yasimuliwa kwamba alifungua ghala na kupika uji kwa wenye njaa, na yasimuliwa kwamba alipeleka wakia laki moja kwa Malkia Mama. Mikono ni ile ile na mkoba ni ule ule. Lakini uji ulikuwa sadaka, na wakia laki moja zilikuwa kodi ya woga. Mtu mwenye hati za chumvi, anayekaa karibu na mji ambamo mfalme amekimbilia na hazina yake imebaki mikononi mwa adui, aweza kweli kuchagua kutotoa? Alikuwapo mbele yake mfano ambao kila mfanyabiashara wa China aliujua. Hu Xueyan wa Hangzhou, mwenye mabenki na duka la dawa mashuhuri, alikuwa ameyakopesha majeshi ya serikali mpaka akapewa kofia ya ofisa mkubwa. Mwaka 1883 nyumba yake ya biashara ilipoanguka, wale wale wakubwa wakamnyang'anya cheo na mali yake, na mwaka 1885 akafa katika ufukara. Mfanyabiashara wa enzi ile alikuwa kama mbuzi wa maziwa: alilishwa, akapapaswa, lakini kisu kilikuwa kikining'inia ukutani.

Wachina walikuwa na msemo kwamba hata mtawala mwadilifu wa mkoa, akikaa miaka mitatu tu katika kiti chake, huondoka na wakia laki moja za fedha. Angalieni vizuri, ndugu wasomaji: msemo huo ni juu ya mwadilifu. Asiye mwadilifu hakuhesabika. Na ni laki moja ile ile. Basi zawadi iliyomtoa jasho mjane tajiri kuliko wote wa Jingyang ilikuwa mapato ya miaka mitatu ya ofisa mmoja wa kadiri. Tone liliangukia katika pipa lililotoboka chini.

Pipa lenyewe lilizidi kutoboka. Tarehe 7 Septemba, 1901, mataifa ya kigeni yaliitia China katika mkataba wa kulipa fidia ya wakia milioni 450 kwa muda wa miaka 39, pamoja na riba ya asilimia 4, yaani jumla ya wakia zaidi ya milioni 980. Hesabu ya milioni 450 ilikuwa kama wakia moja kwa kila Mchina aliyekuwa hai, hata mtoto wa siku arobaini. Malkia Mama akaondoka Xi'an mwezi uliofuata kwa msafara mrefu wa magari ya kukokotwa, akamaliza safari kwa gari la moshi, akaingia Beijing Januari 1902. Fidia ikagawiwa majimboni, majimbo yakagawia wilaya, na wilaya, kama kawaida, zikawagawia wasio na wa kumgawia.

Je, wakubwa walijifunza? Mwaka 1904 mkaguzi mmoja wa serikali, Jiang Shixing, alimshtaki Mwanamfalme Yikuang, waziri mkubwa kuliko wote, kwamba ameweka wakia 1,200,000 katika benki moja ya Waingereza. Serikali ikatuma watu kuchunguza. Benki ikakataa kufunua vitabu vyake. Mashtaka yakasemwa hayana ushahidi, Yikuang akabaki katika kiti chake, na aliyeondolewa kazini akawa ni mkaguzi. Kwa hesabu hiyo, mwanamfalme mmoja alituhumiwa kuficha sadaka kumi na mbili za mjane wa Anwu. Zhou Ying alifariki kabla Dola ya Qing haijaanguka mwaka 1912, naye hakuona mwisho wa jengo alilolitia kiraka cha fedha.

Lakini jambo linalotukaa moyoni kuliko haya yote ni maji. Jingyang si nchi ya jangwa. Mto Jing wapita humo, na katika mwaka 246 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya Zhou Ying, mhandisi Zheng Guo alianza kuchimba mfereji mkubwa wa kuyaleta maji ya mto huo mashambani. Kwa mfereji ule bonde likawa ghala la nafaka. Karne zikapita, mchanga ukajaa, mto ukachimba kitanda chake kikashuka chini ya mdomo wa mfereji, na kila enzi ikajaribu kutengeneza. Mwaka 1737 utawala wa Qing ukaacha kabisa kuchukua maji ya mto, ukategemea chemchemi tu, na eneo lililonyweshwa likapungua sana. Basi njaa ya 1900 iliwakuta watu wa Jingyang wamekaa kando ya mto usiowanywesha, chini ya serikali iliyokuwa na fedha za kujenga kasri la mapumziko huko Beijing kwa mali ya jeshi la majini.

Mjane angeweza kupika uji mpaka ghala likauke, na kweli waliounywa walipona siku ile. Anayebeza bakuli hilo hajapata kulala na njaa. Ila hakuweza kuuelekeza mto. Kuuelekeza mto kwahitaji vipimo, na wahandisi, na maelfu ya mikono iliyopangwa, na ofisa ambaye fedha za saruji zikipita mezani pake hazipungui. Nayo hayo hayapatikani dukani kwa bei yoyote. Njaa nyingine kubwa ikaja, ile ya miaka ya 1928 hadi 1930, ikaua watu wengi mno katika jimbo hilo. Ndipo mhandisi Li Yizhi, mzaliwa wa Shaanxi mwenyewe, alipoanza kuuchimba mfereji mpya wa Jinghui mwaka 1930, na mwaka 1932 maji ya mto Jing yakaingia tena mashambani. Hata mfereji huo ulijengwa kwa sehemu kwa fedha za misaada, lakini ulikuwa msaada uliogeuzwa kuwa maji. Yafaa tukumbuke tarehe hizo mbili pamoja, 1737 na 1932. Katikati yake ni miaka 195, na ndani ya miaka hiyo wamo wafadhili wengi wenye majina mazuri.

Ukoo wa Wu nao uliendelea. Mwaka 1894 alizaliwa humo mtoto Wu Mi, aliyekuja kuwa mtaalamu mkubwa wa fasihi, na ambaye katika uzee wake aliandika kumbukumbu za jamaa zake. Kijana huyo alisomea Tsinghua, shule iliyofunguliwa Beijing mwaka 1911 kwa sehemu ya fidia ambayo Marekani iliirudisha. Kisha akapelekwa Marekani, akasoma Harvard. Mambo ya dunia huzunguka namna hiyo: wakia zilizokamuliwa kwa mkulima zikavuka bahari, zikarudi, zikamsomesha mtoto wa ngome ya Anwu. Mtoto wa mshindilia chai hakuwamo katika mzunguko huo.

Aliingia baadaye, kwa mlango mwingine. Mwaka 1937, Wajapani walipokuwa wanaivamia China, Chama cha Kikomunisti kilifungua katika wilaya ya Jingyang darasa la kuwafundisha vijana kazi ya kuwapanga wananchi na kupigana, na mapema mwaka 1938 darasa likahamia Anwu, ndani ya ukuta ule ule. Lilidumu mpaka mwaka 1940, na vijana zaidi ya 12,000 wakapita humo, wavulana kwa wasichana, wengi wao wakiwa wametoka miji ya mbali iliyokwisha tekwa. Walisoma nyuani, katika nyumba zilizojengwa kwa chumvi na chai. Wasichana walikuwa na kikosi chao wenyewe, wakiamka kwa tarumbeta na kufanya gwaride mle ambamo bibi mwenye nyumba, miaka arobaini nyuma, hakuwa na ruhusa ya kumtaja kwa jina mtu ampendaye.